Bunduki ya Bega la Kushoto

Watu wengi wana bega moja lililo chini kidogo kuliko jingine, na wengi wao watazikwa bila kujua. Mimi huliona hilo kabla sijaona sura ya mtu. Ndiyo maana Mwende aliponifungulia geti Jumamosi iliyopita, mwanamke mzima wa miaka thelathini ambaye mara ya mwisho nilimwona akiwa na sare ya shule ya msingi, sikuhitaji kuuliza kama ndiye: bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka vilevile kama la baba yake. Baba yake, Bwana Mutiso, alifariki mwezi uliopita, akapelekwa kuzikwa kwao Machakos, na hapa Johannesburg akaacha bunduki ambayo sheria haimruhusu binti kukaa nayo hivihivi. Mwende alikuwa amenipigia simu siku mbili kabla, Kiswahili chake kikichechemea kama cha watoto wengi waliokulia hapa. "Aunty, number yako nimepewa na watu wa church. Juu ya box ya bunduki ya Daddy kumeandikwa jina lako. Fundi Zuhura. Nikashangaa, fundi wa nini?" Nikamjibu kwamba mimi ni fundi cherehani. "Eish, Aunty. Sasa ndio sielewi kabisa."

Sikumlaumu. Hata mimi nikijaribu kuusimulia mwaka ule kwa mtu asiyenijua, naona anaanza kunitazama kwa mashaka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilipanga chumba mtaa wa La Rochelle, hapahapa Johannesburg, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wa Kireno, pamoja na Espérance, msusi kutoka Bukavu, na kati ya kitanda chake na changu lilining'inia pazia la maua nililolishona mwenyewe. Chumba kilinuka mafuta ya nywele na dagaa. Mitaa minne kutoka pale palikuwa na duka la bunduki la Mzee Tavares, Mreno aliyefiwa na mke, mwenye nyusi nene na kikohozi cha sigara alizoacha zamani. Alinichukua nimshonee mifuko ya turubai ya kubebea bunduki. Mimi, niliyefundishwa kukata koti la kiume likakaa mwilini bila kukunja hata mstari mmoja, nilikuwa nashona mifuko mirefu myembamba, asubuhi mpaka jioni, kana kwamba nawashonea twiga soksi. Cherehani yangu ilikaa kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na pazia zito la turubai lilinitenga na kaunta. Nilikichukia chumba kile, nakiri. Lakini mimi ni mdadisi wa kuzaliwa, na pazia lilizuia macho tu, masikio nilibaki nayo.

Wanaume wanaonunua bunduki huongea sana, kuliko wanawake wanaonunua vitenge, na nimewahi kuuza vyote viwili. Nilikaa nyuma ya pazia lile nikisikiliza mabishano yao kama redio. Waliopenda bunduki ya mitutu miwili waliisifu kwa adabu zake: unaikunja katikati, kila mtu anaona haina risasi, unatembea nayo mbele za watu bila kumtisha mtu. Waliopenda ile inayojipakia yenyewe, nusu otomatiki, walisema hao wengine wamepitwa na wakati. Unafyatua, inatema ganda, inajipakia risasi nyingine, wewe kazi yako ni kulenga tu. Nilijifunza kwamba hizo nazo ni aina mbili: kuna inayoendeshwa na gesi ya baruti, ambayo huwa na masizi na hudai kusafishwa kila mara, lakini hulipiga bega taratibu; na kuna inayoendeshwa na lile teke lenyewe la bunduki, safi na nyepesi, ila bega huikumbuka. Nilijifunza kwamba maganda yake humrukia jirani usoni, na kwamba kwenye vilabu vya kulenga visahani vya udongo mtu mwenye bunduki hiyo hutazamwa kwa jicho la pembeni. Nilijifunza pia kwamba serikali haimpi mtu leseni yake hivihivi: lazima uwe mwanachama wa chama kinachotambuliwa, na uonyeshe kwamba unawinda au unashindana kweli. Yote haya niliyapata bila kuinua mguu kwenye pedeli.

Kitu kimoja hakikutajwa kamwe, na hicho ndicho kilichoninyima raha. Walibishana urefu wa mtutu, hawakutaja urefu wa shingo. Nilichungulia pembeni mwa pazia nikaona jitu lenye mabega kama mlango na kibwana kifupi cha duara wakinunua bunduki ileile, kitako kilekile, wiki moja. Siku ya Ijumaa, Mzee Tavares alipopika samaki wake wa chumvi kwa viazi na kunigawia nusu, kama ilivyokuwa desturi yake, nikamuuliza kwa nini anawauzia watu nguo bila kuwapima. Aliweka uma chini. "Menina," akasema, hivyo ndivyo alivyoniita, yaani binti kwa Kireno, "kwetu wapo watu wa kazi hiyo. Wanapima mkono, shingo, shavu. Hapa hakuna. Koti lisilokukaa litakubana lakini litakufunika. Bunduki isiyokukaa inapiga inapotazama yenyewe, haijali wewe unatazama wapi." Kisha akaniongezea kiazi. Nadhani ni siku ile nilipoanza kutamani kukaa upande wa pili wa pazia, na nilitamani kwa nguvu kiasi cha kuona aibu.

Bwana Mutiso aliingia dukani mwezi wa kwanza, mchana, kwenye joto lile la Johannesburg linalotangulia radi. Alikuwa ametoka kazini benki, koti kaliacha garini, mikono ya shati ameikunja. Nilimsikia akimweleza Mzee Tavares shida yake. Benki yake ilikuwa imewapeleka wateja kulenga visahani, yeye akaazimwa bunduki ya mitutu miwili, akapiga visahani ishirini na tano na kukosa ishirini na tano. Mwenzake mmoja alimpongeza kwa kuokoa vyombo. "Kuchekwa si shida," alisema. "Mimi nafanya kazi ya hesabu. Nilifanya kila kitu waliniambia, step kwa step, na jibu likakataa kutoka. Hiyo ndiyo inanisumbua." Nilisikia udadisi wangu mwenyewe ukiongea kwa sauti ya mtu mwingine, na nikatoka nyuma ya pazia bila kuitwa, nikijifanya natafuta mkasi.

"Shikamoo, kaka," nikamwambia, maana alikuwa amenizidi miaka kama kumi na tano na ndivyo nilivyolelewa. Alishtuka, akacheka. "Marahaba, dada. Lakini wacha hiyo, unanizeesha mbele ya huyu mzee." Kifungo cha mkono wa shati lake kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Nikamwambia anipe nikikaze. Akasema yeye alisoma bweni, vifungo vyake hushona mwenyewe, nimpe tu sindano. Nikampa. Na hapo, mbele ya macho yangu, mwanaume yule anayeandika kwa mkono wa kulia akashika uzi kwa mkono wa kulia, akainua sindano kwenye mwanga, akafumba jicho la kulia.

Nimeona maelfu ya watu wakitunga uzi. Kila mtu hufumba jicho analoliamini kidogo. "Fanya tena," nikamwambia. Akaniuliza kama amekosea. "Hujakosea, fanya tena tu." Akafumba tena la kulia. Nikamgeukia Mzee Tavares nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba huyu bwana anatazama kwa jicho la kushoto. Mzee akasimama taratibu, akamwambia anyooshe kidole kwenye saa ya ukutani macho yote yakiwa wazi, kisha afumbe moja moja. Alipofumba la kulia kidole kilibaki kwenye saa. Alipofumba la kushoto, akasema, kidole kimehamia kwenye kalenda. Bwana Mutiso alirudia mara tano, akifumba na kufumbua kama mtoto aliyepewa taa ya tochi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa mteja mwingine mpaka leo. "Kwa hivyo bunduki ilikuwa bega la kulia," akasema polepole, "na anayelenga alikuwa huku kushoto. Miaka arubaini na mbili nimeishi na hii kitu na hakuna mtu ameniambia."

Mzee Tavares alikuwa na dawa yake ya siku zote: bandika kipande cha tepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani, nunua ya mitutu miwili, baki bega la kulia. Mimi, ambaye sikuruhusiwa hata kushika bunduki kama yeye hayupo, nikasema kama jicho ni la kushoto, basi ahamie bega la kushoto, ajifunze upya. Jumamosi tukaenda uwanjani kujaribu, Mzee akisimamia kila risasi. Bega la kulia na tepu kwenye miwani, Bwana Mutiso alipiga baadhi, lakini akarudi na alama ya buluu chini ya mfupa wa shingo na akalalamika kwamba anajihisi amefungwa kitambaa. Kisha Mzee akamwazima inayojipakia ya gesi, akaiweka kushoto. Ilikuwa ya watu wa kulia, ikimtemea maganda mbele ya pua, lakini alivunja kisahani cha tatu, cha nne, na cha saba. Alitaka bunduki moja ya kazi zote mbili, visahani mwaka mzima na kuwinda ndege kanga wakati wa baridi, na hakutaka kuchubuka. Akaamua palepale: nusu otomatiki, ya gesi, ya mashoto.

Mzee Tavares hakufurahi. Aliniita nyuma, kwenye chumba changu kisicho na dirisha, akakaa juu ya marobota ya turubai. Bunduki ya mashoto ilibidi kuagizwa, na hapa hakuna atakayeinunua ikirudi. "Nitazeeka nayo," akasema. "Sasa tukubaliane. Wewe ndiye umemwambia, wewe utampima. Ikimkaa, utahamia kaunta na kila mteja atapita kwenye futi yako. Ikirudi, utakaa hapa na mifuko, na nisikusikie tena na habari za mabega." Nilikubali kabla hajamaliza. Jumapili ile nilimweleza Espérance tukiwa tunakula ugali na sombe, majani ya muhogo ya kwao, na yeye akacheka mpaka akapaliwa. "Weye Zuhura! Sasa unapima batu ba bunduki? Kwani bunduki iko na saizi?" Nikamwambia iko, kila kitu kinachogusa mwili kina saizi. Akafuta macho. "Bon. Na kama umekosea?" Nikamwambia mimi sikosei vipimo. Nilisema hivyo hasa, na sombe mdomoni.

Bunduki ilipofika, Bwana Mutiso alikuja wakati wa chakula cha mchana, shati mikono imekunjwa, jua kali. Nilimpima kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole cha triga, nikapima kutoka jichoni mpaka kwenye shavu, nikapima shingo. Ana mikono mirefu, alikuwa, Mungu amrehemu. Bunduki ilikuja na raba mbili za kufunga mwisho wa kitako, fupi na ndefu. Nikachagua ndefu, nikaivika ngozi laini niliyoishona kwa mkono, Mzee akaikaza kwa skrubu mbili. Bwana Mutiso akainua bunduki tupu begani na kitako kikaingia mahali pake bila sauti. Mzee Tavares alizunguka akimtazama kutoka kila upande, hakuona kasoro. Aliuliza swali moja tu: "Umefikiria nguo, menina?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba nimefikiria nguo maisha yangu yote. Sikuelewa alichoniuliza. Leo nikiwa na wanafunzi wawili wa ushonaji huwaambia kwamba swali usilolielewa ulirudishe kwa aliyeuliza, na hawajui ninazungumzia nini.

Huku leseni hutolewa kwa bunduki moja iliyotajwa kwa namba yake, kwa hiyo bunduki iliyokwisha nunuliwa hukaa kwenye sefu ya muuzaji miezi na miezi ikisubiri karatasi, na mwenyewe huja kuitembelea kama mgonjwa hospitali. Bwana Mutiso alikuja karibu kila Jumamosi, mara nyingine na Mwende, ambaye alikaa kwenye kiti changu cha cherehani akizungusha gurudumu. Mzee alimtolea bunduki tupu, na mimi nikamsimamisha mbele ya kioo cha mteja kuiinua begani, mara thelathini, mara arubaini, mpaka bega la kushoto likaacha kushangaa. Tulizungumza mengi katikati. Alitaka kujua kwa nini koti hukatwa vipande vingi badala ya kimoja, nami nilitaka kujua benki inajuaje mtu atalipa, na siku moja nikamsimulia hata makubaliano yangu na Mzee. Mwezi wa nne ukaja, kukaanza baridi, Mzee akawasha hita ya mafuta ya taa. Bwana Mutiso alikuwa mtu wa heshima zake: akiingia ndani ya nyumba ya mtu alivua koti mlangoni na kulitundika kwenye msumari. Kila Jumamosi nililiona koti lile zito la kijani limetundikwa pale, lenye sponji nene mabegani. Nililiona kwa macho haya, na sikuliona.

Leseni ilitoka mwezi wa sita, na Jumamosi iliyofuata tukaenda kwenye shamba moja la jimbo la Free State, kwa rafiki wa Mzee Tavares. Bwana Mutiso alisisitiza niende. "Fundi lazima aone kazi yake," alisema. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Mpango ulikuwa kwanza walenge visahani vinavyorushwa kwa mashine, ndipo mchana wafuate kanga kwenye mabua ya mahindi. Wanaume walikunywa kahawa nyuma ya pikapu, wakichovya biskuti ngumu kama matofali, na mvuke ukiwatoka midomoni. Bwana Mutiso akafunga koti lake mpaka kidevuni, akasimama mahali pake, akaita kisahani. Akainua bunduki, na kitako kikanasa kwenye koti, chini ya kwapa. Kisahani kikatua salama. Akaita kingine. Kikanasa tena. Cha tatu alichelewa, akafyatua hewani. Nyuma yangu mtu akasema taratibu kwamba labda vyombo vimeokoka tena, na wawili wakacheka.

Nilikuwa nimempima mtu wa mwezi wa kwanza nikamtengenezea bunduki ya mwezi wa sita. Nguo. Mzee aliniuliza nguo: unene wa koti begani ulikuwa umeifanya bunduki iwe ndefu mno. Kosa ambalo mwanafunzi wa wiki ya pili hafanyi, kupima koti la baridi juu ya shati, nililifanya mimi, na raba fupi ambayo ingemaliza shida yote ilikuwa imebaki kwenye boksi lake dukani, mbali sana. Mzee Tavares alikuwa kwenye pikapu akimimina kahawa, bado hajatazama. Nikamfuata Bwana Mutiso, nikamwambia aiondoe risasi, aiache bunduki kwenye rafu yake, aje nami mara moja. Tukaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, ambako mama mmoja wa Kisotho alikuwa akikoroga uji kwenye jiko la makaa. Nikamwomba wembe. Nikamvua Bwana Mutiso koti, nikaligeuza, nikafumua bitana ya bega la kushoto na kuchomoa sponji yote na pamba iliyokuwa chini yake mpaka sehemu ya kifua, nikairudisha bitana kwa mishono mirefu ya haraka. Sindano huwa ninayo kwenye ukosi siku zote. Mama yule alitazama, halafu akanisogezea kiti nikiwa nimeshamaliza.

"Shida ilikuwa nini?" Bwana Mutiso akaniuliza. Hapo ndipo ningesema. Angenisamehe, nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini nilimwona Mzee Tavares akinirudisha kwenye chumba kile bila dirisha, nikaona mifuko imepangwa mpaka darini, nikasema uongo. "Koti. Limeshonwa vibaya, bega la kushoto limejazwa kupita kiasi." Alilichukua koti, akalivaa, akalitazama bega lake moja lililonyauka na jingine lililojaa. Akanitazama mimi. "Kumbe," akasema. Basi. Tukatoka nje, akachukua bunduki, akaita kisahani, na kikavunjika vipande kwenye jua kama kikombe kilichodondoka jikoni. Alivunja kumi na nane asubuhi ile. Mchana alirudi na kanga wawili, akiwashika kwa miguu, na alikuwa akitabasamu peke yake.

Jumatatu alipita dukani. Nilikuwa nyuma ya pazia, mguu kwenye pedeli, siikanyagi. Nilimsikia Mzee Tavares akiuliza kama bunduki imemkaa, maana alisikia kulikuwa na tatizo mwanzoni. "Imekaa sawasawa, mzee," Bwana Mutiso akajibu. "Koti ndilo lilikuwa na makosa. Fundi amelirekebisha." Saa sita mchana Mzee akalishika lile pazia la turubai kwa mikono miwili na kuling'oa pamoja na fimbo iliyolishikilia, akaniambia nisogeze futi yangu kaunta. Nilifanya kazi pale miaka kumi na moja, mpaka alipofunga duka na kwenda kuishi kwa dada yake. Nilipima mamia ya watu, na kila mmoja nilimuuliza kwanza atakuwa amevaa nini. Mzee aliniona hodari kwa swali lile. Siku za mwanzo nilimwomba Bwana Mutiso anipe bunduki nimbadilishie raba, nikajifanya ni uboreshaji mdogo tu. Alikataa. Alisema amezoea. Nikaamini ameniamini, na moyo wangu ukapoa.

Sasa Jumamosi iliyopita Mwende alinipeleka chumba cha baba yake. Msimamizi wa mirathi alikuwa ameshafungua sefu na kukaa mlangoni na karatasi zake, akimsubiri muuzaji mwenye leseni aje kuichukua bunduki aitunze mpaka mambo yaishe. Ilikuwa imelazwa mezani juu ya taulo. Ngozi niliyoishona ilikuwa bado kwenye raba ndefu, imekuwa nyeusi kwa jasho. Kwenye boksi, chini ya jina langu, kulikuwa na ile raba fupi ndani ya plastiki yake, haijafunguliwa. Na kwenye ukuta kulikuwa na kulabu nne na makoti manne ya baridi. Nililijua la kwanza, la kijani. Nikaweka kidole kwenye bega lake la kushoto, tupu. La pili nalo, tupu. La tatu, la nne. Niligeuza bitana moja moja. Mishono yangu, kisha mishono ya fundi mwingine, mzuri, kisha ya fundi wa ovyo asiyejua kuficha fundo, kisha ya mashine. Kila koti alilonunua kwa miaka ishirini, alilipeleka kwa fundi akaling'oa bega.

"Mum alikuwa anamcheka," Mwende akasema nyuma yangu. "Kila coat mpya, anaenda kwa fundi, toa pamba hapa left. Mum akamwambia, si ubadilishe tu hii rubber, ni screw mbili? Daddy akasema hapana. Ati yule mzee wa duka anaservice hii bunduki kila mwaka. Akiona nimeweka fupi, atajua fundi alikosea kupima, atamrudisha kwa mifuko." Akanitazama. "Sikujua mifuko ni nini. Nilidhani ni joke yao."

Nikamuuliza, na baada ya mzee kufunga duka? "Mum alimuuliza hiyo pia. Akasema sasa amezoea kweli."

Nililia, sioni haya kusema. Nililia nimelishika koti la kijani, na Mwende, ambaye hakujua afanye nini na mwanamke mtu mzima anayelia kwenye bitana, akaniletea maji. Baadaye akaniambia kwa aibu kidogo kwamba anataka kuomba leseni ya bunduki ile kwa jina lake, amejiunga na chama, ameanza mafunzo, lakini wanasema ni ndefu mno kwake. "Aunty, unaweza kunipima?" Alikuwa amevaa fulana, kulikuwa na joto. Nikatoa futi kwenye mkoba, nikaangua koti la baba yake kutoka kwenye kulabu, nikamshikilia akiingiza mikono.

"Vaa kwanza," nikamwambia.